Kupiga Picha za Sayari kwa Darubini ya Nyumbani Dodoma: Mwongozo Kamili

Aliyeko Dodoma na darubini uani ana nafasi ambayo wapiga picha wa Ulaya wanaitamani. Mji uko takribani digrii 6 kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na njia ya sayari angani inapita karibu na utosi. Zohali itakapokuwa upande wa pili wa Dunia kutoka kwenye Jua, tarehe 4 Oktoba 2026, hapa itapanda zaidi ya digrii 80 juu ya upeo wa macho. London haitazidi sana digrii 40. Sayari ikiwa juu hivyo, mwanga wake unakatiza hewa kidogo, picha haichezi sana, na kingo zake hazioti bluu upande mmoja na nyekundu upande mwingine. Kuna kifaa cha kurekebisha tatizo hilo la rangi ambacho watu wa kaskazini hulazimika kununua. Hapa hakihitajiki.

Kinachoharibu picha Dodoma ni joto: joto la zege, la ukuta, la ardhi iliyoungua mchana kutwa, na zaidi ya yote la darubini yenyewe. Picha nyingi mbovu hulaumiwa kamera ilhali kamera haina kosa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kabla ya kurekodi, na anayeanza asiiruke hata kama ana haraka ya kuona pete za Zohali kwenye skrini.

Vifaa na hesabu zake

Darubini ya Newton, yaani ya vioo na bomba lililo wazi mdomoni, yenye kioo cha milimita 150 au 200 ndiyo chaguo lenye faida kubwa kwa pesa yake. Ukitaka kujua kitu kidogo kiasi gani kitaonekana, gawa 116 kwa kipenyo cha kioo kwa milimita. Kioo cha 200 kinatenganisha sekunde ya tao 0.58, cha 150 kinatenganisha 0.77 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Mshtarii ikiwa karibu ina upana wa sekunde za tao 45 hivi, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha kuona mikanda, vimbunga na Doa Jekundu. Darubini ya Maksutov (ya kioo chenye lenzi mbele yake) ya milimita 127 nayo ni nzuri, fupi na haisumbuliwi na upepo, ila bomba lake limefungwa na hupoa polepole. Darubini ya lenzi ya milimita 70 au 90 itakupa pete za Zohali, miezi minne ya Mshtarii na mikanda yake miwili mikuu. Si haba kwa kuanzia.

Kamera inayofaa ni ile ndogo ya sayari yenye kihisi cha rangi na waya wa USB 3, inayoingia mahali pa lenzi ya kuchungulia. Usiangalie wingi wa megapikseli. Sayari inachukua sehemu ndogo sana ya kihisi, na unachohitaji ni kasi, yaani fremu 100 au zaidi kwa sekunde, kwa sababu utarekodi video kisha urundike fremu zake bora, yaani uziunganishe kuwa picha moja. Kama kihisi hakina chujio la infraredi, weka chujio la kuzuia infraredi na miale ya urujuanimno mbele yake, la sivyo rangi zitapauka na fokasi haitakaza.

Kisha linganisha kamera na darubini. Chukua ukubwa wa pikseli kwa mikroni, zidisha kwa 5, na jibu ndilo uwiano wa fokasi unaoutafuta (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha kioo, huandikwa f/). Pikseli ya mikroni 2.9, kama ya kamera ya ASI662MC, inataka karibu f/14.5. Darubini ya milimita 200 yenye urefu wa fokasi wa milimita 1,200 ni f/6. Ukiiwekea lenzi ya Barlow ya mara 2, inayorefusha fokasi mara mbili, inakuwa f/12, na hapo uko vizuri. Barlow ya mara 3 itakupeleka f/18: sayari inakuwa kubwa lakini yenye giza, kila fremu inadai muda mrefu, na mtetemo wa hewa unaingia ndani yake. Kwa f/12 hiyo kila pikseli inabeba sekunde ya tao 0.25, hivyo Mshtarii itakuwa na upana wa pikseli 180. Itaonekana ndogo kwenye skrini, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Kompyuta mpakato iwe na mlango wa USB 3, diski ya SSD na nafasi tupu isiyopungua GB 100. Fremu moja ya pikseli 640 kwa 480 ina baiti 307,200, na video ya dakika mbili kwa fremu 100 kwa sekunde inafika GB 3.7. Ukitumia betri ya kompyuta, zima hali ya kubana umeme, kwa sababu inashusha kasi ya kamera. Kwa mota na feni, betri ya 12 V yenye 7 Ah, kama zile za ndani ya UPS, inatosha jioni nzima, nayo inakuondolea hofu ya umeme kukatika katikati ya kurekodi.

Stendi ya ikweta, ile yenye mhimili unaofuata mzunguko wa anga, ina tatizo lake hapa. Mhimili wake unatakiwa kuelekea ncha ya kusini ya anga, ambayo Dodoma iko digrii 6 tu juu ya upeo, na stendi nyingi hazishuki hadi hapo: fimbo ya uzani inagonga mguu wa stendi kabla hujafika. Geuza stendi ili mguu mmoja usikae njiani mwa fimbo, kisha inua mguu wa kaskazini kwa tofali au ubao imara hadi upate pembe. Kwa sayari haihitajiki usahihi mkubwa, dira na rula ya pembe ya simu vinatosha. Stendi yenye mota inayokwenda kulia-kushoto na juu-chini haina usumbufu huo, ila ina jambo lake litakaloelezwa kwenye kurekodi.

Mahali pa kuisimamisha

Weka darubini juu ya udongo au majani makavu. Zege na bloki za paving zimeshiba jua tangu asubuhi na zitatoa joto hadi usiku wa manane, tena moja kwa moja chini ya bomba lako. Mabati yenyewe hupoa upesi. Kinachoendelea kufuka ni kuta za tofali na hewa ya moto inayotoka kwenye matundu ya paa, kwa hiyo kaa mita nne au tano kutoka kwenye nyumba na usirekodi sayari inayopita juu ya paa lako.

Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa mashariki na kusini-mashariki ni mkali, na bomba refu la Newton linaushika kama tanga la ngalawa. Kaa upande wa magharibi wa uzio au mstari wa miti. Uzio wa michongoma au wa mabua ni bora kuliko ukuta wa tofali kwa sababu hauhifadhi joto. Kama huna ila ukuta, usiuegemee, simama mita tatu mbali nao. Jioni nyunyizia ndoo moja au mbili za maji kuzunguka mahali hapo ili vumbi litulie, maji yaliyokwisha kufulia yanafaa kabisa.

Taa ya ulinzi ya jirani haitaharibu picha ya sayari. Sayari zinang'aa vya kutosha, na kazi hii inafanyika mjini Area C au Kisasa sawasawa na inavyofanyika Hombolo, nje ya mji.

Kupoza darubini

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea. Darubini iliyoshinda kwenye stoo ya mabati au kwenye buti la gari ina kioo chenye joto la zaidi ya digrii 35. Usiku wa Julai hewa inaweza kushuka hadi digrii 14 au 15. Kioo kinene kikiwa na joto kuliko hewa, hewa inayokigusa inapanda ndani ya bomba kama mvuke, na sayari inachemka hata anga likiwa limetulia tuli.

Ihifadhi mchana kwenye chumba chenye baridi kuliko vyote, sakafuni, mbali na dirisha la magharibi. Itoe nje jua likishazama, mdomo ukiwa wazi. Funga feni ya kompyuta ya milimita 120 nyuma ya kioo kikuu kwa mpira au kamba laini ili mtikisiko wake usifike kwenye bomba, na ipulize kuelekea kioo. Kwa feni, kioo cha milimita 200 hutaka dakika 45 hadi saa moja. Bila feni hesabu saa moja na nusu au mbili. Kiangazi joto la hewa huendelea kushuka usiku kucha, kwa hiyo acha feni ifanye kazi hadi dakika chache kabla ya kurekodi, na iwashe tena unapopumzika.

Kuna namna ya kujua kama imepoa. Elekeza kwenye nyota angavu, tumia lenzi ya kuchungulia yenye nguvu, kisha toa fokasi kidogo mpaka nyota iwe duara. Ukiona ulimi wa moshi unapanda upande mmoja wa duara, joto bado liko ndani ya bomba. Duara lote likipita mawimbi ya haraka kama maji ya mto, hiyo ni hewa ya juu sana na huna la kuifanya: subiri saa mbili au lala. Duara likivimba na kusinyaa polepole, mara nyingi chanzo ni ardhi au ukuta wa karibu: hamisha stendi. 

Kulinganisha vioo

Darubini iliyopakiwa kwenye pikapu au bajaji kupitia barabara ya vumbi itakuwa imepoteza mpangilio wa vioo, hata kama sanduku halikuanguka. Kwa kioo cha f/6 au kifupi zaidi, kosa dogo tu linaondoa maelezo yote madogo ya sayari. Fanya hivi kila usiku, kioo kikishapoa:

1. Chagua nyota angavu iliyo juu na uiweke katikati kabisa, kwa ukuzaji wa mara 200 au zaidi.
2. Toa fokasi kidogo sana, upate pete tatu au nne zenye kivuli cheusi cha kioo kidogo ndani yake.
3. Kivuli kikiegemea upande mmoja, zungusha skrubu moja ya kioo kikuu si zaidi ya robo ya mzunguko.
4. Nyota itahama. Irudishe katikati kabla ya kutazama tena, kwa sababu nyota iliyo pembeni hudanganya.
5. Rudia hadi pete zikae ndani ya nyingine bila kuegemea, kisha kaza skrubu za kufungia taratibu na uhakiki mara ya mwisho.

Kifaa cha leza ni cha haraka, lakini leza nyingi za bei ndogo zenyewe zimepinda. Izungushe kwenye tundu lake: nukta ikichora duara kwenye kioo, usiiamini. Nyota haipindi.

Kuipata sayari kwenye kihisi

Uwanja wa kamera ni mdogo sana, na hapa wengi hukata tamaa. Mchana, linganisha darubini ndogo ya kutafutia kwa kutazama ncha ya mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja. Usiku anza na lenzi ya milimita 25 bila Barlow, weka sayari katikati, nenda kwenye lenzi ya milimita 10, weka katikati tena, ndipo uingize Barlow na kamera. Tumia kihisi kizima, ongeza geini (kiasi ambacho kamera inakuza mwanga) na muda wa fremu hadi mwisho. Kama sayari haionekani, sogeza kidogo ukitafuta mng'ao wa kijivu unaoongezeka upande mmoja. Mara nyingi ipo tayari, ila imetoka fokasi kiasi cha kuwa duara kubwa hafifu lenye tundu katikati.

Ikishapatikana, punguza eneo la kurekodi hadi pikseli 640 kwa 480.

Fokasi

Ukigusa kirungu cha fokasi picha yote inatikisika. Bana kibanio cha nguo kwenye kirungu na usukume mkia wake kwa ncha ya kidole: mwendo unakuwa mdogo na mtikisiko unapungua. Pita fokasi upande mmoja, pita upande wa pili, kisha rudi katikati. Kwa Mshtarii tazama mwezi wake mmoja, uwe nukta ndogo kadiri inavyowezekana. Kwa Zohali tumia ufa mweusi wa Cassini kwenye ncha za pete. Bomba linapoendelea kupoa linasinyaa, kwa hiyo rudia kila dakika 15 au 20.

Kurekodi

Programu za SharpCap na FireCapture zote zinafaa. Rekodi kwa faili la video la SER, biti 8, rangi ghafi. Muda wa fremu uwe mfupi kiasi cha kugandisha mtetemo: kwa Mshtarii milisekunde 5 hadi 10, kwa Zohali 15 hadi 30, kwa Mirihi 2 hadi 5, kwa Zuhura 1 au 2. Kisha panda na geini mpaka histogramu (mchoro wa kiasi cha mwanga kwenye picha) ifike asilimia 60 au 70, kwa Zohali 50 inatosha. Punje za geini zisikutishe. Ukirundika fremu 2,500, punje zinapungua mara 50. Kilichounguzwa na mwanga hakirudi, wala kilichotikiswa.

Urefu wa video unaamuliwa na mzunguko wa sayari. Mshtarii inajizungusha kwa saa 9 na dakika 55, na katikati ya uso wake alama husogea karibu sekunde ya tao 0.24 kila dakika. Kwa kioo cha milimita 200, ukipita dakika mbili na nusu alama zimeshajikwangua. Zohali inaruhusu dakika tano, Mirihi hata nane. Piga video kadhaa mfululizo badala ya moja ndefu. Baadaye programu ya WinJUPOS inaweza kurudisha mzunguko nyuma na kuziunganisha, mradi saa ya kompyuta iko sawa. WinJUPOS hutumia saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa: saa 4 usiku ya Dodoma ni 22:00 kwenye kompyuta na 19:00 UTC.

Sasa jambo la utosini. Sayari ikiwa digrii 80, stendi ya Dobson, ile ya kusukuma kwa mkono, inakuwa ngumu kuisukuma, na kwenye stendi ya kulia-kushoto yenye mota picha inajizungusha ndani ya kamera zaidi ya digrii moja kwa dakika. Hiyo inatosha kuziharibu kingo. Dawa ni kurekodi kama saa moja na nusu kabla au baada ya kilele, sayari ikiwa mashariki au magharibi kwenye digrii 60 hadi 66. Hapo mzunguko wa picha ni mdogo sana, na hewa bado ni nyembamba. Mapema Oktoba 2026 Zohali itafika kilele kama saa 6 na dakika 25 usiku, kwa hiyo nyakati zako ni karibu saa 5 na karibu saa 8.

*Bila mota.* Sayari inakimbia sekunde za tao 15 kila sekunde moja. Kihisi chenye upana wa pikseli 1,920, kwa mpangilio tuliotaja, kinapitwa kwa sekunde 32. Tumia kihisi kizima, weka sayari nje kidogo ya ukingo, ondoa mkono, subiri mtikisiko ufe, rekodi ikipita. Rudia mara tano mfululizo. Programu ya PIPP itaikata na kuiweka katikati kila fremu, na kuunganisha vipande kuwa video moja.

*Kwa simu.* Tumia kishikizi kinachobana simu kwenye lenzi ya milimita 10, mkono hautoshi. Bonyeza sayari kwa kidole hadi fokasi na mwanga vifungike, shusha mwanga mpaka mikanda ya Mshtarii ionekane, rekodi video ya fremu 60 kwa sekunde kwa dakika moja. Anzisha kwa kitufe cha waya wa masikioni au kipima muda. Video za simu zimebanwa na maelezo madogo hupotea, lakini kurundika bado kunasaidia sana.

Kurundika na kunoa

Fungua video kwenye AutoStakkert, chagua hali ya sayari, kisha uchambuzi. Programu itapanga fremu kutoka nzuri hadi mbaya na kuchora mstari wa ubora. Usiku mzuri chukua asilimia 25 hadi 40, usiku wa mtetemo 10 au hata 5. Weka vituo vya ulinganishi vya pikseli 48 hadi 64 juu ya uso wa sayari. Vituo vidogo mno hufuata punje badala ya sura ya sayari na kuacha mishono kwenye picha. Hifadhi kwa TIFF ya biti 16.

Picha itakayotoka ni laini na yenye ukungu, na hilo ni sahihi. Ipeleke kwenye programu ya RegiStax, sehemu ya weveleti, inayonoa picha kwa matabaka. Anza na tabaka la pili na la tatu, la kwanza liguse mwisho na kidogo tu, kwa kuwa ndilo lenye punje. Sawazisha rangi, punguza punje, kisha acha ikae hadi kesho yake uitazame kwa macho mapya. Kosa la kawaida kuliko yote ni kunoa kupita kiasi: ukiona pete nyembamba inayofuata ukingo wa Mirihi, au mistari ya ziada kwenye pete za Zohali, rudi nyuma. Vile si vitu vilivyoko angani.

Viduara vya kijivu visivyohama wakati sayari inahama ni vumbi juu ya kihisi. Lipulizie kwa pampu ya mpira. Vumbi lililo kwenye kioo kikuu liache, halionekani kwenye picha. Kulifuta kwa kitambaa kikavu kunachora kioo mikwaruzo ya kudumu, maana vumbi la Dodoma ni mchanga.

Msimu na sayari

Zuhura inafaa jioni za Agosti na Septemba 2026, ikiwa kama mwezi unaopungua. Usielekeze darubini huko kabla jua halijazama kabisa, sekunde moja ya jua kwenye lenzi inapofua jicho. Zohali ni ya Septemba hadi Novemba, katika usiku mkavu, na upepo ukishapungua Oktoba kazi inakuwa tamu.

Mshtarii na Mirihi zote zitakuwa mkabala na Jua Februari 2027, katikati ya mvua, zikifika karibu digrii 70 hapa. Mshtarii inasubiri. Mei 2027, mvua zikiwa zimekwisha, giza likiingia itakuwa juu kabisa na bado ina sekunde za tao 37 hivi. Mirihi haisubiri: itafika sekunde 14 tu na kusinyaa haraka. Kwa hiyo Februari weka darubini tayari kila siku, na mvua ya alasiri ikikatika, mawingu yakafunguka na upepo ukalala, toka nayo mara moja. Usiku wa namna hiyo ardhi imepoa na vumbi limelala. Funika kompyuta kwa turubai na ushushe mwanga wa skrini, maana kumbikumbi wataifuata, na kama mlango wa kamera uko wazi wataingia hadi kwenye kihisi.